Jiwe Lililotoka Zima

Oslo, 2 Aprili 1952

Dada Torbjørg,

Yuksenaiti ni madini ya oksidi, meusi, mazito kuliko yanavyoonekana, ambamo metali za niobi, titani na itri zimefungamana, pamoja na urani na thori, zitoazo mionzi, kwa kiasi kidogo kisicho sawa kati ya jiwe na jiwe. Likipigwa, jiwe hilo halipasuki kwa mstari ulionyooka. Humeguka kama chupa, na pale lilipomeguka hung'aa kama lami iliyopoa. Jina lake la Kigiriki lina maana ya mkarimu kwa wageni, kwa sababu limezipokea ndani yake elementi adimu ambazo kwingine hazipati makao. Hilo ndilo jibu la swali pekee uliloniuliza kwenye kadi yako, na nimelitanguliza lisije likapotea chini ya mengine.

Sasa nakusalimu, wewe na shemeji Osmund. Sisi hapa hatujambo. Ragnfrid amepona kikohozi na amerudi kufundisha. Mtoto ameota jino la pili na analitumia. Theluji ya mjini imekwisha kuwa tope, na wanafunzi wangu wanaliingiza hadi kwenye chumba cha mizani.

Habari ya Sveinung ilinifikia maziko yakiwa yamekwisha kupangwa. Niliambiwa barabara ya bondeni imezibwa na theluji. Nampa pole shemeji, nawe pia. Mpwa wangu alikuwa na mkono mtulivu, na miaka ishirini na miwili ni michache kwa mkono wa namna hiyo.

Ukipata nafasi, nieleze jiwe lilikaa wapi ndani ya mwamba: karibu na kwatzi au mbali nayo, kati ya mabamba ya ulanga au ndani ya felspa tupu mnayochimba, na felspa ile ilikuwa na rangi gani.

Ndugu yako,
Tallak


Ormstøl, 27 Aprili 1952

Tallak, mdogo wangu,

Salamu kwanza, kama tulivyofunzwa. Umeanza na jiwe ukaja kutusalimu baadaye. Marehemu mama angekuchapa kwa mwiko, na ule mkubwa. Msalimie Ragnfrid. Mtoto mpe kipande cha mkate mkavu atafune, meno yatatoka bila kelele.

Hapa kondoo wamezaa vizuri. Mmoja alikataa mwanawe, nikamfunga pembeni mpaka akakubali. Viazi vya mbegu tumevitandaza ghalani. Osmund alirudi machimboni mara baada ya Pasaka. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi, anakula anachopewa. Ånon bado anatubebea felspa kwa lile lori lake hadi stesheni, na bado anasema kwamba kule ng'ambo mabibi wanakunywa kahawa kwenye mgongo wa Osmund, kwa kuwa felspa yetu husagwa ikafanywa vikombe vyao vya kaure. Osmund alikuwa akimjibu. Siku hizi hamjibu, na Ånon anausema mzaha huo huo tena, polepole zaidi, kana kwamba ni masikio yaliyoharibika.

Barabara haikuzibwa. Ånon alipitisha lori siku ya maziko asubuhi, na watu wa kanisani walitandaza matawi ya msonobari kuanzia mlangoni petu hadi darajani. Sijui nani alikuambia.

Ulichouliza ni hiki. Jiwe lilikuwa ndani ya felspa, hatua chache kutoka kwenye kwatzi, limeegemea bamba la ulanga mweusi. Felspa iliyolizunguka ilikuwa nyekundu kama nyama, na nyufa zilitoka kwenye jiwe kwenda kila upande, kama miale katika picha ya jua anayochora mtoto. Lina upana wa kiganja cha Osmund, na nyuso zake zote zipo.

Ragnfrid hakuzaliwa huku, basi msomee kipande hiki. Katika nyumba zetu, kila mwanamume anayepasua mwamba ana sehemu yake kwenye ukingo wa dirisha la barabarani. Jiwe likitazama kioo, yaani uso wake mzuri ukielekea nje, linauzwa, na mnunuzi anayepita ataliona na kupiga hodi. Likitazama chumbani haliuzwi, na mwenye adabu hupita. Jiwe hili lililetwa limefungwa ndani ya sweta ya Sveinung. Nimeliweka kwenye sehemu ya Sveinung, likitazama chumbani. Sweta nimeifua.

Watu wananisifu kwa kustahimili. Sistahimili chochote, Tallak. Naamka, nawasha jiko, nakamua. Nikilitazama dirisha naona jiwe. Ni hivyo tu.

Dada yako,
Torbjørg


Oslo, 18 Mei 1952

Dada Torbjørg,

Nakusalimu kwanza, na mwiko uwekwe mahali pake. Ragnfrid anakushukuru kwa mkate mkavu. Mtoto anautafuna na kuutema kwa utaratibu mzuri. Jana tulisherehekea Siku ya Taifa kama watu wote: watoto wa shule walipita na bendera, mvua ikawanyeshea, hakuna aliyeondoka. Nikakumbuka kwamba kule nyumbani mnavaa mapambo yote ya fedha ya kifuani hata mvua ikinyesha, na Osmund hulalamika kwamba kola inamnyonga.

Maelezo yako yametosha kuliko ya wengi wanaolipwa kuyaandika. Nami nitayajibu kwa kiwango hicho hicho.

Madini haya yana tabia moja ambayo wataalamu wameipa jina la metamikti. Maana yake ni hii: umbo la nje la fuwele limesimama, lakini mpangilio wa ndani haupo. Fuwele yoyote ni safu za atomi zilizopangwa kama kuta za nyumba. Ndani ya yuksenaiti, urani na thori huvunjika polepole, na kila chembe inayotupwa hubomoa sehemu ndogo ya ukuta. Mwamba wenu una umri wa zaidi ya miaka milioni mia nane. Kwa muda huo kuta zote zimeanguka. Nyuso, kingo na pembe unazoziona dirishani ni za fuwele. Kilichomo ni kama kioo cha chupa. Ikipigwa eksirei, fuwele nzima huandika mistari kwenye filamu, kila madini kwa mistari yake. Hili huandika ukungu.

Likibomoka hivyo huvimba, na likivimba hulazimisha felspa inayolizunguka kupasuka. Hizo ndizo nyufa ulizoziona. Ule wekundu nao ni alama yake katika felspa.

Sasa ombi, nami nitalisema wazi. Kuna aina mbili za madini zenye viambato vinavyokaribiana mno: yuksenaiti na ndugu yake eskinaiti, aliyepewa jina kutokana na neno la Kigiriki la aibu, kwa kuwa wakemia wa zamani walishindwa kuvitenganisha vilivyomo ndani yake. Zinatofautiana kwa mpangilio wa ndani tu, na mpangilio ndio uliopotea. Njia tuliyo nayo ni kuchoma kipande tanurini mpaka mpangilio urudi, kisha kukipiga eksirei. Mawe tuliyo nayo hapa hayafai: yamepasuliwa kingo, yamelowa, na hakuna ajuaye yalitoka upande gani wa mwamba. Jiwe lenu ni la kwanza ninalolijua kuwa limetoka zima na mahali pake panajulikana. Nahitaji punje moja, ukubwa wa njegere, lakini kutoka moyoni mwa jiwe, si kwenye ganda. Punje hiyo haiwezi kupatikana bila kulivunja.

Najua ninachokiomba. Ukikataa, nitaelewa.

Tallak


Ormstøl, 10 Agosti 1952

Tallak,

Wasalimie wote. Nimechelewa kwa sababu ya majani ya ng'ombe. Mvua haikutupa nafasi, tukayaanika kwenye nyaya na kuyaanua mara mbili. Ng'ombe mwenye doa ameteguka mguu. Mti alioupanda mama kando ya ghala umekauka. Kahawa inapatikana tena dukani bila matatizo, basi Ånon anaingia kila apitapo, na ukimuuliza kama anataka kikombe anasema, "La, mama, nataka birika."

Nitakusimulia habari ya dirisha, kisha nitakujibu.

Mwezi wa Julai alikuja mnunuzi kutoka Kristiansand akapiga hodi. Nilimwambia hapa hakuna kinachouzwa. Alivua kofia. "Samahani, mama," akasema, "lakini jiwe linatazama kioo." Sikumwamini. Nilitoka nje hadi barabarani nikatazama dirisha letu kama mpita njia. Lilikuwa linatazama kioo. Nikamwambia ni makosa, akaenda zake.

Nililigeuza. Kesho yake asubuhi lilikuwa limegeuzwa tena. Osmund alikuwa akiligeuza kabla ya kwenda machimboni, mimi naligeuza nikirudi kutoka zizini. Tuliendelea hivyo wakati wote wa kukata majani, tukipeana viazi mezani kama watu wasio na neno. Sikuwa na hasira. Nililigeuza kama unavyofunga mlango ulioukuta wazi.

Ånon ndiye aliyeona, kwa kuwa yeye hupita barabarani. Alikaa hapa jikoni na birika lake akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili," akasema, "jiwe hilo mnalizungusha kama nyama kwenye moto. Lingekuwa na miguu lingekwisha kuhamia kwangu."

Osmund akasema, "Chukua."

"Mimi? Mke wangu ananiuliza hata habari ya misumari mfukoni."

"Siwezi kula likinitazama," Osmund akasema. Alisema hivyo akiitazama sahani yake. Ndiyo maneno marefu zaidi aliyoyatoa tangu Machi. Ånon aliweka kikombe chini, akasema lori limepoa, akaondoka na birika limejaa nusu.

Sasa jibu. Uliandika kwamba jiwe hili ni la kwanza kutoka zima. Nitakueleza kwa nini lilitoka zima. Huku wote, wakiona cheusi ndani ya wekundu, hupiga ukingo kwa nyundo kwanza ili waone mng'ao. Baba alifanya hivyo, Osmund hufanya hivyo, ndiyo maana mawe yote ya bonde hili yana pembe iliyomegwa. Wewe ulimkataza Sveinung tangu ana umri wa miaka kumi, yale majira uliyokuja na kioo chako cha kukuzia. Ulimwambia jiwe lililomegwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Alilipenda neno hilo. Alikuwa akimwambia baba yake kila mara, na baba yake akimwita profesa. Ulimwambia alitoe zima. Siku ile hakupiga nyundo wala hakutaka baruti. Alichimba kulizunguka kwa patasi asubuhi nzima, amelala ubavu chini ya felspa ile nyekundu. Alilitoa zima. Alimpa baba yake mkononi, akasema, "Hili si la kuuza," akarudi ndani kuchukua patasi.

Sikulaumu. Uliuliza lilivyokaa, na hili ni sehemu ya lilivyokaa.

Kuhusu punje, sijui.

Torbjørg


Oslo, 26 Oktoba 1952

Dada,

Nakusalimu, na shemeji. Nimechukua muda mrefu. Ragnfrid amehamishiwa shule ya karibu na sasa anarudi mapema. Mtoto anatembea kwa kushika kuta. Hapa majani ya miti yamekwisha kuanguka, na huko nadhani Osmund ametoka kuwinda kulungu pamoja na wengine. Natumaini ng'ombe mwenye doa amepona.

Uliyoniandikia ya Sveinung na patasi nimeyasoma. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Nitaandika linalowezekana. Wekundu na nyufa ni alama anayoifuata mchimbaji ili kulipata jiwe. Felspa iliyopasuliwa na jiwe linalovimba haijishiki yenyewe. Kinachoishika ni jiwe lile lile, kama kabari iliyobaki ndani ya gogo. Likiondolewa likiwa limemegeka kwa baruti, mwamba huanguka wakati ule ule, na hakuna mtu chini. Likiondolewa zima, kwa patasi, mwamba hubaki umesimama kwa muda usiojulikana, kisha huanguka. Kwa hiyo alama ya kulipata na alama ya kukimbia ni moja. Hayo si maarifa mapya. Nilikuwa nayafahamu, sehemu moja moja, tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nyufa nilizijua kama dalili ya mionzi. Sikupata kuziwaza kama dari.

Ombi langu la punje naliondoa. Jiwe likae mnavyotaka likae, na litazame mnakotaka litazame.

Ragnfrid ameuliza kama mngependa tuje wakati wa Krismasi. Nimemwambia safari ni ndefu kwa mtoto.

Tallak


Ormstøl, 23 Novemba 1952

Tallak,

Salamu zenu zimefika. Tumechinja. Soseji zimetundikwa, damu nimeipika, na kichwa cha kondoo kimetiwa chumvi kwa ajili ya sikukuu. Ng'ombe mwenye doa amepona lakini anachechemea akijua unamtazama. Osmund hakwenda kuwinda. Ånon alituletea mguu wa kulungu, akasema mnyama huyo alijitoa mwenyewe baada ya kusikia habari zetu.

Osmund nilimsomea maelezo yako ya kabari. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniomba nirudie palipoandikwa kwamba muda haujulikani. Nikarudia. Akauliza, "Hata yeye hajui?" Nikamwambia hata wewe hujui. Alivaa buti, akaenda kupasua kuni tulizokwisha kupasua. Nilikuwa sijui kwamba tangu Machi amekuwa akijiuliza kama angepata nafasi ya kumwita Sveinung atoke. Hakuwahi kusema. Mimi sikuwahi kuuliza.

Unapokea jiwe pamoja na barua hii, kwenye sanduku alilolitengeneza Osmund. Limefungwa ndani ya sweta. Sweta usinirudishie, mpe mtoto atakapokua.

Umeondoa ombi lako, na sijakuomba uliondoe. Nisikilize. Osmund hawezi kulitazama. Mimi naweza kulitazama kutwa nzima nisione kitu, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi. Sveinung alisema si la kuuza, nasi hatukuliuza. Hakusema lisivunjwe, aliliweka zima kwa ajili yako, si kwa ajili ya dirisha langu. Basi livunje. Ila livunje wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Usimpe fundi wa makumbusho unakofanyia kazi.

Kisha uniandikie ulichokiona, chote, kwa utaratibu wako.

Torbjørg


Oslo, 1 Februari 1953

Dada Torbjørg,

Nawasalimu wote wawili, na nawatakia mwaka ulio mwepesi. Mtoto aliugua masikio lakini amepona, na amejifunza neno moja, "hapana", analolitumia hata kukubali. Ragnfrid anakusalimu. Sweta ameihifadhi kwenye sanduku la nguo za majira ya baridi.

Sanduku la Osmund lilifika salama, misumari yote ikiwa imezamishwa ndani ya mbao ili isikwaruze. Jiwe lilikaa mezani kwangu hadi baada ya mwaka mpya. Nililipima, nikalichora kila uso, nikapima pembe kati ya nyuso, nikayarudia yote hayo. Hakukuwa na haja ya kuyarudia. Mwenzangu aliuliza ninasubiri nini, nikamwambia nasubiri mwanga mzuri, ingawa Januari haina mwanga mzuri hapa.

Kisha nilipiga. Pigo moja lilitosha. Lilimeguka kama nilivyokufasilia, na ndani ni kahawia iliyokoza, safi, isiyo na mshipa wala doa. Nilikaa na vipande viwili mkononi. Jioni ile Ragnfrid aliniuliza kwa nini nimekaa mezani na koti. Sikuwa nimejua kwamba sijalivua.

Uliomba chote kwa utaratibu. Kipande kisichochomwa kilitoa ukungu kwenye filamu, kama ilivyotarajiwa. Mpangilio haupo kabisa. Punje ya kwanza niliipasha moto polepole, na ilipokaribia nyuzi mia saba jambo moja lilitokea ambalo nilikuwa nimelisoma lakini sijaliona: kipimajoto kilichogusa punje kilipanda chenyewe kupita joto la tanuri. Moto wangu haukuongezeka. Joto lile lilikuwa la jiwe. Nguvu iliyobaki ndani ya kuta zilizobomoka hutoka kwa mara moja pale kuta zinapojipanga upya. Ilidumu kitambo kidogo, kisha ikatulia. Nilijikuta nimesimama.

Niliipiga punje hiyo eksirei. Mistari ilikuwepo, mikali na wazi, baada ya ukungu wa miaka milioni mia nane. Ilikuwa mistari ya eskinaiti.

Nilifurahi, na nikadhani kazi imekwisha. Lakini uangalifu ulidai punje ya pili, kutoka kipande kile kile, kandokando ya ile ya kwanza. Hiyo niliichoma hadi nyuzi elfu moja. Nayo ilirudi katika mpangilio, mistari yake mikali na wazi vile vile. Ilikuwa mistari ya yuksenaiti.

Sikukosea kuchoma, nimerudia kwa punje nyingine. Jiwe ni moja, viambato ni vile vile. Moto mdogo unalipa mpangilio mmoja, moto mkubwa unalipa mwingine. Kila mmoja ni kamili na haubebi alama yoyote ya kusema, mimi ndiye wa mwanzo. Kwa hiyo fasili niliyokuandikia Aprili mwaka jana niliiandika kwa uhakika usiokuwa na msingi. Naweza kusema jiwe hili limekuwa nini tanurini mwangu. Siwezi kusema lilikuwa nini kabla halijabomoka.

Sehemu kubwa imebaki. Nataka kuileta mwenyewe, si kwa posta. Ningekuja kabla ya Pasaka, peke yangu au na wote, unavyoona inafaa. Niandikie kama barabara iko wazi.

Tallak


Ormstøl, 8 Machi 1953

Tallak, mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Ragnfrid, na kwa huyo mwenye "hapana" moja ya kazi zote. Hapa theluji inateleza kutoka paani kwa vishindo, na kondoo wamenenepa kwa mimba. Mwaka umetimia juma lililopita. Tulikwenda makaburini, tukarudi, tukanywa kahawa.

Barabara iko wazi. Njooni wote. Ånon atawapokea stesheni na lori. Amesema profesa atakaa nyuma pamoja na magunia, mama na mtoto watakaa mbele, na mtoto ndiye atakayeendesha.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Osmund. Alitaka kujua kama vipande vilimeguka vizuri. Nikamwambia vilimeguka kama chupa. Akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu anayesikia kazi imefanywa sawasawa. Ukingo wa dirisha umekuwa mtupu tangu Novemba. Siku za kwanza nilikuwa naunyooshea mkono nikitoka zizini, nisikute cha kugeuza.

Sasa nikuandikie jambo moja, nawe ulipime.

Jumamosi Ånon alikuwa hapa na birika lake. Alikuwa akilalamika juu ya mkewe, kwamba amemkataza kupiga mluzi ndani ya nyumba kwa kuwa maziwa yanaganda. Halafu, bila sababu, akarudia ule mzaha wa zamani wa mabibi wanaokunywa kahawa kwenye mgongo wa Osmund. Nilikuwa jikoni nimewapa kisogo. Nikasikia Osmund anasema, "Basi waambie wasiweke sukari nyingi, inaniwasha." Kisha akacheka.

Nikageuka. Ånon alikuwa amekaza kikombe mdomoni kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Osmund alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiganja. Na mimi, Tallak, nilishika mpini wa sufuria bila kitambaa, nikaungua, na nikasikia maumivu. Nilisema, "Ai." Ndilo jambo la kwanza nililolisikia mwilini tangu siku ile ya matawi ya msonobari. Mkono umefura malengelenge, nakuandikia kwa shida.

Wote wananiambia amerudi. Ånon ameliambia bonde zima kwamba Osmund amerudi. Nami nilikaa nikamtazama mezani akila, anatafuna, anaomba chumvi, anauliza habari za ng'ombe, kila kitu mahali pake. Kicheko kile nilikisikiliza vizuri. Kilikuwa kicheko kamili, hakina ufa. Lakini nimeishi naye tangu nina miaka kumi na tisa, na sikuweza kuapa kwamba ndicho kile alichokuwa nacho, wala kwamba maumivu ya mkono huu ni ya mwanamke yule aliyekuwa akimwandalia Sveinung chakula cha machimboni. Tumepitia moto mmoja, yeye kwa kiasi chake, mimi kwa changu. Huenda tumepangika. Huenda hata tumepangika vizuri.

Lete sehemu iliyobaki. Tutaiweka kwenye ukingo, na Osmund ndiye atakayeamua itazame wapi. Lakini kabla hujapanda treni nifikirie hili, kwa kuwa wewe una filamu, una tanuri, na umezoea kujibu: ikiwa kilichorudi ni kamili, na hakuna aliyebaki ambaye aliona mpangilio wa mwanzo kutoka ndani, ni kwa alama gani mtu angejua kama amerudi mwenyewe, au amekuja mwingine?

Dada yako,
Torbjørg